Kuibua kifua kikuu bomani: mwongozo kwa mhudumu wa afya anayeanza kazi Umasaini

Kila wahudumu wapya wa afya ngazi ya jamii wanapopangiwa Longido, Monduli, Simanjiro, Kiteto au Ngorongoro, maswali huwa ni yale yale. Nikifika bomani naanzia nyumba ipi? Watu wa karibu wa mgonjwa ni akina nani, ikiwa boma lina nyumba kumi? Morani hawapatikani, nifanyeje? Mtoto hatoi makohozi, napeleka nini maabara? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku unapopewa jina la mgonjwa mpaka siku unapofunga orodha yake.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Fomu uliyopewa inauliza habari za kaya, na boma la Kimaasai si kaya moja, wala si kaya kumi zilizojitenga. Mzee ana wake kadhaa na kila mke ana nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mzee leo analala kwa huyu, kesho kwa yule. Watoto wengine wanalala kwa bibi, vijana wanalala na rika lao, na kiangazi kikikaza sehemu ya watu wanahama na ng'ombe. Kifua kikuu kinaambukizwa kwa hewa, mahali palipofungika, kwa watu wanaokaa pamoja muda mrefu. Basi usihesabu milango. Fuata usiku: mgonjwa alilala wapi, na nani walilala hapo. Ukilishika hilo, orodha yako itakuwa na watu ambao fomu peke yake isingewafikia kamwe.

Nadharia inayokutosha ni hii. Vijidudu vinatoka kifuani mwa mgonjwa anapokohoa, kuimba au kuongea, vinaelea hewani kwenye chumba chenye giza kisichopitisha upepo, na jua linaviua. Wengi wanaovivuta hawaugui maisha yao yote. Wanaougua, wengi huugua katika miaka 2 ya kwanza tangu kuambukizwa, na watoto wa chini ya miaka 5 pamoja na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Sasa ifikirie nyumba ya Kimaasai: fito zilizokandikwa samadi, dari ya kuinamia, kitundu kimoja badala ya dirisha, moto katikati, na ndama wachanga wakilala humo humo. Nyumba hiyo inawakinga watu na baridi na simba, na haina kosa. Ila mtu mmoja anayekohoa ndani yake usiku kucha anawagusa wote.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUTOKA

- Jina la mgonjwa, aina ya kifua kikuu alichonacho, na kama kipimo kimeonyesha usugu wa dawa. Hili la mwisho usiondoke zahanati bila kulijua.
- Ridhaa ya mgonjwa ya kuwatembelea watu wake.
- Daftari la ramani ya usiku (nitaeleza), fomu za uchunguzi wa dalili na fomu za rufaa.
- Vikopo vya makohozi, kalamu ya wino usiofutika, mifuko ya plastiki, na kisanduku cha baridi chenye barafu.
- Barakoa za kawaida kwa wanaokohoa, na N95 (barakoa nene inayochuja vijidudu) kwa ajili yako.
- Mizani, na utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto.
- Mtu anayezungumza Kimaa vizuri, wa kike ikiwa unakwenda kuzungumza na akina mama. Usimtumie mtoto wa shule kutafsiri maswali ya mama yake.
- Namba ya simu ya Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya, na ya bodaboda mnayemwamini.
- Maji yako ya kunywa na muda wa kutosha. Boma moja kubwa ni kazi ya siku nzima.

HATUA KWA HATUA

1. Zungumza na mgonjwa kwanza, akiwa peke yake

Mazungumzo haya yafanyike kituoni au chini ya mti, mbali na masikio ya watu. Mweleze kwamba dawa ni bure katika vituo vya serikali, kwamba kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6 na kinapona, na kwamba unataka kuwapima anaowapenda kabla hawajaugua. Muulize kama jina lake linaweza kutajwa bomani. Akikataa, heshimu. Utakwenda bomani ukisema mnawapima watu wote wa kitongoji hicho, na utawapima kweli wote, pamoja na boma la jirani.

Angalia: wahudumu wengi huanza kwa kusema, "Nipe majina ya watu unaoishi nao." Mzee atakutajia wanawe wa kiume na ng'ombe wake. Swali hilo halizai orodha.

2. Chora ramani ya usiku

Chukua miezi 3 kabla mgonjwa hajaanza dawa. Kwa kuwa wengi hawahesabu kwa tarehe, tumia matukio: mvua zilipokatika, mifugo ilipohamia ronjo (kambi ya kiangazi), siku ya tohara ya kijana wa fulani, shule zilipofungwa. Kwa kila kipindi uliza:

- Ulikuwa unalala kwenye nyumba ya nani? Nyingine je?
- Nani walikuwa wanalala humo pamoja nawe, watoto na wageni wakiwemo?
- Ulihama na mifugo? Mlikuwa na nani kambini?
- Ulikwenda orpul (kambi ya wanaume ya kula nyama porini)? Mlikaa muda gani, mkilala pangoni au chini ya miti?
- Ulisafiri kwenda mjini, mgodini au kwenye kazi ya ulinzi? Ulilala chumba kimoja na nani?
- Mchana unakaa wapi muda mrefu ndani ya nyumba: kilabuni, kanisani, darasani?

Chora duara la boma, weka alama ya kila nyumba kwa jina la mama mwenye nyumba hiyo, halafu andika walalao ndani. Nyumba hutambulika kwa mama, na ukiandika "nyumba ya mzee" peke yake utarudi kituoni ukiwa na nyumba tano zenye jina moja.

Orpul inastahili swali lake. Wanaume wanakwenda porini kuchinja, kula nyama na kunywa supu ya mizizi na magome kwa siku nyingi, na wanawake hawaendi. Mke hawezi kukwambia nani walikuwa huko. Ni mgonjwa mwenyewe au rika lake tu.

3. Pita mlangoni kwa utaratibu wake

Mwone mwenyekiti wa kitongoji, kisha laigwanani (kiongozi wa kimila) wa eneo, kisha mzee wa boma. Usiruke hata mmoja, hata ikikugharimu siku ya ziada. Laigwanani akisimama kwenye mkutano wa rika na kusema kikohozi kipimwe, morani watakuja wenyewe bila wewe kuwasaka. Naliamini jambo hili kuliko bango lolote lililowahi kubandikwa ukutani mwa zahanati.

Salamu zina uzito. Wanaume husalimiwa "Sopai", nao hujibu "Ipa". Mama husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Watoto watakuletea vichwa uwaguse, waguse. Mzee aulizwe kwanza habari za ng'ombe, mvua na watoto, ndipo ueleze kilichokuleta. Unaweza kusema hivi: "Mzee, nimekuja kwa ajili ya kikohozi. Tunapima watu wote wa boma, wenye nguvu na wasio na nguvu, kama vile daktari wa mifugo anavyopima kundi zima na si ng'ombe mmoja." Mfugaji anaelewa upimaji wa kundi kuliko mtu wa mjini.

4. Chagua saa

Fika alfajiri kabla mifugo haijatoka, au jioni ikirudi. Ukifika saa nne asubuhi utawakuta wazee na watoto wachanga tu, akina mama wamekwenda maji na kuni. Siku ya mnada wanaume wote hawapo bomani, ila wapo mnadani: omba kona yenye kivuli, weka meza, na upime huko. Mnada umewaibua wanaume wengi ambao bomani wasingepatikana kwa mwezi mzima.

5. Uliza dalili, mtu mmoja mmoja, nje

Kaa juani au chini ya mti, upepo uwe mgongoni mwako, usiingie ndani kuhoji. Kwa kila mtu uliza: unakohoa? Umekohoa damu? Una homa? Unatoka jasho usiku hata kukiwa na baridi? Umepungua mwili? Kwa mtu wa kawaida kitaifa tunaangalia kikohozi cha wiki 2 au zaidi, lakini kwa mtu wa karibu wa mgonjwa, na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, usisubiri wiki 2. Dalili yoyote, ya muda wowote, inatosha kumtoa sampuli.

Kupungua mwili usiulize kwa kilo. Uliza kama shanga na bangili zimelegea, kama mkanda wa rungu na sime umeongezewa tundu.

Papasa na shingo. Tezi zilizovimba bila maumivu, kigongo kilichojitokeza mgongoni, au tumbo linalojaa maji ni mambo ya kupeleka kituoni hata kama mtu hakohoi kabisa.

Angalia: mama anayepika ndani kwa kuni atakwambia anakohoa kwa sababu ya moshi, na wewe utaona ni kweli, kwa kuwa moshi unaouona pale unatoa machozi. Usimwache. Moshi na kifua kikuu vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja, na maelezo ya moshi ndiyo yanayowachelewesha akina mama wengi. Chukua makohozi.

Angalia tena: homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo kwa wafugaji inaweza kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Sampuli chukua hata hivyo. Matibabu ya brusela yakimalizika na homa ikabaki, mrudishe kwenye orodha yako.

6. Chukua makohozi yaliyo makohozi

Hapa ndipo sampuli nyingi zinapoharibika. Fanya hivi:

a) Andika jina, umri, jina la boma na tarehe kwenye mwili wa kikopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.
b) Mpe maji asukutue mdomo, hasa anayetumia tumbaku ya kunusa au kutafuna.
c) Mpeleke mbali na watu, nje, upande ambao upepo unaondoka. Usisimame mbele yake.
d) Mwoneshe kwa vitendo: vuta pumzi ndefu, shikilia, toa, vuta tena, shikilia, toa, ya tatu kohoa kutoka chini ya kifua na uteme moja kwa moja kikoponi.
e) Tazama ulichopata. Yakiwa mazito, ya njano, ya kijani au yenye damu, ni mazuri. Yakiwa mate yenye povu, arudie. Kiasi kinachotakiwa ni mililita 3 hadi 5, yaani karibu kijiko cha chai.
f) Funga, futa nje, weka kwenye mfuko wake, kisha kwenye kisanduku cha baridi. Nawa mikono.

Mwanamke mara nyingi hutema mate kwa sababu ameambiwa akohoe mbele ya baba mkwe. Mwondoe machoni pa watu, aende na mama mwenzake, na utaona tofauti.

7. Watoto

Mtoto hukohoa kidogo na humeza makohozi yake. Kwa hiyo maswali ni mengine: anakohoa? Ana homa? Uzito umesimama au umeshuka? Amepoa, hachezi na wenzake, haendi tena na wana-mbuzi? Jibu moja la ndiyo kwa mtoto wa chini ya miaka 10 aliyekaa na mgonjwa linatosha kumpeleka kituoni. Pima uzito na mkono, andika, na ulinganishe na kadi ya kliniki.

Kwa kuwa anameza makohozi, vijidudu vinapita kwenye choo chake. GeneXpert, mashine ya maabara inayotambua vijidudu vya kifua kikuu, inaweza kupima choo cha mtoto, kwa hiyo uliza maabara yenu kama inapokea sampuli hiyo na ubebe vikopo vyake. Na majibu yakisema hakuna kilichoonekana, suala halijafungwa. Daktari anaweza kumwanzishia mtoto dawa kwa dalili, picha ya kifua na ukweli kwamba mtu anayelala naye, tuseme bibi yake, ana kifua kikuu. Kazi yako ni kuhakikisha daktari ameambiwa habari za bibi.

Kovu la chanjo ya BCG begani lisikutulize. Chanjo ile humkinga mtoto mdogo na kifua kikuu kikali cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini, lakini haizuii mtu kuugua mapafu baadaye.

8. Fikisha sampuli maabara

Weka lengo la siku hiyo hiyo, na isizidi siku 3. Mashine yenyewe hutoa jibu ndani ya saa 2 hivi na husema pia kama kuna usugu wa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Kinachochelewesha ni barabara. Panga sampuli ziondoke siku ambazo gari la mnada, gari la chanjo au bodaboda mnayemwamini anakwenda mjini, na umpigie mtu wa maabara kabla hazijaondoka, si baada. Andika namba ya kila kikopo kwenye daftari lako, ili kisipofika ujue ni cha nani.

9. Wasio na dalili: tiba kinga

Mtu wa karibu asiyekuwa na dalili hajamalizwa kwa kuambiwa "uko salama". Watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na virusi vya UKIMWI hutangulizwa, na wengine wa karibu hufuata kadiri mganga wa kituo atakavyoona. Tiba kinga, yaani dawa ya kumzuia aliyeambukizwa asije akaugua, ipo ya namna zaidi ya moja: isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au mchanganyiko wa isoniazidi na rifapentini unaomezwa mara moja kwa wiki, dozi 12 tu. Kwa mtu wa mifugo mimi natetea hii ya wiki kila ninapopata nafasi, pale inapopatikana na mganga anapoiruhusu. Dawa ya kila siku husahaulika njiani, ila hakuna mfugaji anayesahau siku ya mnada. Ifunge dawa na mnada.

Waambie mapema mambo matatu: kwa anayemeza rifapentini mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa na si damu, macho yakiwa ya njano, au kichefuchefu kikizidi, waache dawa na waje kituoni siku hiyo, na mama anayetumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango aseme, kwa sababu rifapentini hupunguza nguvu yake.

Onyo: usimpe mtu tiba kinga kabla kifua kikuu chenyewe hakijaondolewa shaka. Dawa mbili kwa mtu mwenye ugonjwa kamili ni njia ya kutengeneza usugu. Na kama mgonjwa wa kwanza ana kifua kikuu sugu, usiwape watu wake tiba hii ya kawaida. Piga simu kwa mratibu kwanza. Kibong'oto, wilayani Siha, ndiyo hospitali iliyoanza kutibu kifua kikuu sugu nchini mwaka 2009, na mratibu ndiye anayejua mgonjwa wenu aelekezwe wapi.

10. Wafuate wasiokuwepo

Sasa rudi kwenye ramani ya usiku. Majina yasiyo na alama ndiyo kazi iliyobaki, na hapa ndipo orodha nyingi hufia.

Walio ronjo: kambi za kiangazi zinajulikana. Muulize kijana anayepeleka chumvi au unga wa watoto wa kambini, na umpe ujumbe wa mdomo kupitia rika la mgonjwa. Ikiwezekana nenda naye. Isipowezekana, andika "watarudi mvua za kwanza" na uweke alama kwenye kalenda yako.

Walio Mererani: vijana wengi wa Simanjiro wapo kwenye machimbo ya tanzanite au biashara yake. Vumbi la mwamba huharibu mapafu na humzidishia mchimbaji hatari ya kifua kikuu, na vyumba vya kulala ni vya kubanana. Jina la kijana, jina la mgodi na namba ya simu vipelekwe kwa mratibu wa huko, kisha umpigie wiki inayofuata kuuliza kama amepatikana.

Walinzi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha au Nairobi: wanalala wengi kwenye chumba kimoja kwa zamu, na simu wanazo. Mgonjwa aliyerudi nyumbani akiwa amekonda kutoka mjini ameacha watu wa karibu huko pia. Mwombe awapigie mwenyewe, uwe pembeni umweleze kila anayepokea simu kituo cha kwenda. Sauti ya rika itamfikisha kituoni.

Wanafunzi wa bweni: zungumza na matroni au mwalimu wa afya, bila kumtaja mtoto mbele ya wenzake.

Nyongeza kwa mliopangwa karibu na Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe: hakuna boma la kuchora, na kambi huhama kufuata asali, matunda na wanyama. Ramani ya usiku hufanya kazi huko pia, ila chora kwa kambi na moto. Wakati wa mvua, wanapolala kwenye vibanda vya nyasi, ndipo uangalie zaidi nani alilala na nani.

11. Sema habari ya maziwa

Kuna kifua kikuu cha ng'ombe kinachompata mtu kwa maziwa mabichi, damu au nyama isiyoiva, na mara nyingi hujitokeza kwenye tezi au tumboni. Mtu mwenye tezi mwulize juu ya maziwa, na mweleze mganga, kwa sababu vijidudu hivyo kwa asili havisikii pirazinamidi, moja ya dawa nne za kuanzia.

Usiingie bomani kukashifu maziwa, ndiyo chakula na ndiyo heshima. Sema tu yachemshwe mpaka yapande, hasa ya watoto. Kibuyu kilichovukizwa kwa moshi wa mti mzuri kinayapa maziwa ladha na kuyatunza, lakini hakiui vijidudu hivi. Kuyagandisha nako hakutoshi. Ongea na mama mwenye nyumba, maana maziwa ni mamlaka yake. Damu nayo ipikwe.

12. Rudisha majibu, kisha rudi tena

Kila aliyetoa sampuli apewe jibu, hata kama ni zuri. Boma lililotoa vikopo kumi na lisisikie lolote halitatoa cha kumi na moja. Mwenye ugonjwa aanze dawa mara moja, apimwe virusi vya UKIMWI, na achague msimamizi wa dawa anayehama naye, si anayebaki bomani. Naye sasa ni mgonjwa wa kwanza wa ramani mpya.

Orodha usiifunge kwa ziara moja. Rudi mifugo inaporejea, na uulize dalili upya mara kwa mara ndani ya miaka 2. Jaza rejesta kila mara, na uijaze kwa moyo. Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu ulipoanza mwaka 1977, na daktari bingwa wa kifua kikuu Karel Styblo akashirikiana nao, nguvu yake kubwa ilikuwa kumfuata kila mgonjwa kwenye daftari mpaka mwisho wa dawa, na dunia ikaiga Tanzania.

UKIKWAMA

Mzee wa boma amekataa. Usibishane naye mbele ya watu. Ondoka kwa heshima, mwone laigwanani au mzee wa rika lake, urudi naye. Mara nyingi kilichomkera ni kwamba ulimsalimia mke kabla yake, au anahofu boma lake litasemwa mnadani.

Wanasema ni ugonjwa wa UKIMWI. Sema wazi kwamba ni magonjwa mawili, mtu anaweza kuwa na mmoja bila mwingine, na kwamba kipimo cha virusi vya UKIMWI kinafanyika kwa siri na kwa ridhaa.

Wamemtenga mgonjwa, ana kikombe na kibuyu chake. Waeleze kwamba kifua kikuu hiki cha mapafu hakipiti kwenye vyombo, nguo wala kushikana mikono. Wiki za mwanzo za dawa alale penye hewa, azibe mdomo anapokohoa na akae nje mchana. Akimeza dawa sawasawa, uwezo wa kuambukiza hupungua upesi. Kumtenga na chakula kunamkatisha tamaa na kumkatisha dawa. Kwa morani ni adhabu kubwa zaidi, kwa kuwa morani hali peke yake.

Anatumia supu ya olkiloriti (mti wa dawa) au dawa ya mganga wa jadi. Usimgombeze. Mwambie aendelee na supu yake ila vidonge visikatike, na umweleze mganga wa zahanati anachokunywa. Mtembelee na mganga wa jadi mwenyewe, umwombe akuletee kila anayekohoa. Watu hupita kwake kabla ya kufika kwako.

Sampuli imerudi imekataliwa. Soma sababu. Ikiwa ni mate, rudia hatua ya 6. Ikiwa kikopo kimevuja, tatizo ni kifuniko au mwendo wa bodaboda, kwa hiyo kisimamishe wima kwa kukizungushia karatasi.

Kipimo kinasema hakuna, lakini anazidi kukonda. Mwamini mwili wake. Apelekwe kwa picha ya kifua, na sampuli ya pili ichukuliwe alfajiri.

Amehama katikati ya dawa. Mpigie msimamizi, jua amekwenda wilaya gani, kisha mratibu wenu awasiliane na wa huko. Akivuka mpaka kuelekea Kajiado au Narok, aondoke na barua ya matibabu na dawa za kumfikisha. Barua itaje tarehe aliyoanza, dawa anazomeza, na jibu la kipimo cha usugu.

Mkojo mwekundu umemtisha, ameacha vidonge. Mfuate siku hiyo hiyo. Mweleze kwamba rangi ni ya dawa, mmezeshe dozi ya siku hiyo mbele yako, na mjulishe mganga idadi ya siku alizoruka kabla hujaondoka bomani.